Bima Yako, Swali Lako: “Sheria ipo, mbona wamemkatalia mwanangu?”

Toleo lililopita niligusa kwa sentensi mbili tu suala la bima za afya za Marekani na matibabu ya watu wanaobadili jinsia. Barua zilizokuja baada ya hapo zinazidi zote nilizopata tangu nianze kuandika ukurasa huu. Nyingine zimeandikwa kwa hasira, nyingine kwa machozi. Nimechagua nne, nikaondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mwandishi.

Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 19 hapa Minnesota, na kazi yangu ni kuandaa madai ya bima kwenye kliniki. Si daktari wala wakili. Ninachokijua ni karatasi, yaani nani kaandika nini, namba gani imewekwa wapi, na kwa nini pesa imetoka au haikutoka.

Assalamu alaikum dada yangu. Mimi ni mtu wa Unguja, nipo Houston mwaka wa 12 sasa, naendesha lori. Kila wiki mbili nakatwa dola 148 za bima ya familia. Hata hivyo mke wangu alipojifungua tulibakiwa na deni la hospitali la dola 3,000 na kitu. Halafu nasikia pesa hizi hizi zinalipia watu kubadilishwa jinsia. Sina chuki na mtu, lakini imani yangu hairuhusu na mfuko wangu hauruhusu. Kwa nini nilazimishwe? – Dereva, Houston, Texas

Wa alaikum salaam kaka yangu, na hongera ya mtoto.

Nianze na deni, kwa sababu hilo ndilo linalokunyima usingizi. Hospitali nyingi za nchi hii zimesajiliwa kama zisizo za faida, na sheria ya afya ya 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Obamacare, inazitaka ziwe na utaratibu wa kuwapunguzia au kuwafutia deni wenye kipato kidogo. Una siku 240 tangu bili ya kwanza itoke kupeleka maombi. Piga simu ofisi ya bili, waambie unataka fomu ya msaada wa kifedha. Usianze kulipa kidogo kidogo kabla hujaijaza.

Sasa mchango wako. Kwanza, inawezekana kabisa bima yako hailipii matibabu hayo hata senti moja. Fungua kijitabu chake sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Mipango mingi ya waajiri ina mstari huo mpaka leo.

Lakini tuseme inalipia. Mji wa San Francisco ulianza kuwalipia wafanyakazi wake mwaka 2001. Kwa kuogopa gharama, wakamkata kila aliyemo kwenye bima nyongeza ya dola 1.70 kwa mwezi. Katika miaka 5 ya kwanza zikakusanywa dola milioni 5.6 hivi. Zilizolipwa kwa wagonjwa hazikufika dola 400,000. Baadaye nyongeza ile ikaondolewa, maana haikuwa na kazi. Watu hawa ni wachache, kaka, na wanaofika kwenye upasuaji ni wachache zaidi. Bima yako haijapanda kwa ajili yao.

Tazama upande wa pili. Huko Georgia kuna kaunti inayoitwa Houston, usiichanganye na mji wako. Askari wa ofisi ya sherifu, Anna Lange, aliyekuwa kazini tangu 2006, aliomba bima ya kaunti ilipie upasuaji ambao gharama yake ilikadiriwa kuwa dola 25,600 hivi. Wakamkatalia kwa mstari uliokuwemo kwenye mpango tangu 1998. Akashtaki. Jaji wa kwanza akampa haki mwaka 2022, na baraza la wazee wa mahakama likamtengea fidia ya dola 60,000. Kaunti ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2024, ikakata tena, na Septemba 2025 majaji wote wa mahakama ile ya rufaa wakaketi pamoja na wengi wao wakaipa kaunti ushindi. Njiani humo kaunti ilikuwa imewalipa mawakili zaidi ya dola milioni 1. Fedha za wakazi wale wale walioambiwa kwamba upasuaji ni ghali mno. Nisikufiche: kisheria kaunti imeshinda. Lakini mtu akikwambia shida ni gharama, mkumbushe hesabu hii.

Imani yako siigusi. Mimi pia nimelelewa chuoni, na najua masheikh wengi wa kwetu wanasemaje. Ujue tu kwamba hata katika nchi za Kiislamu kauli si moja. Nchini Iran, Ayatollah Khomeini alitoa fatwa katika miaka ya 1980 kuruhusu upasuaji huu, na serikali ya huko husaidia sehemu ya gharama. Mimi ni Sunni, sifuati fatwa hiyo. Naitaja ili usidhani kila anayeuruhusu ameitupa dini. Na bima, kaka, ni kama mtungi wa kijiji. Hatumuulizi anayechota maji amekuja na madhambi gani. Mchango wangu umewalipia watu nisioafikiana na maisha yao, na wao wamelipia uzazi wangu wa tatu, ambao huenda wengine waliuona wa ziada.

Ulimalizia kwa kuuliza kama hawa ndio khuntha waliotajwa kwenye fiqhi. Hapana. Khuntha amezaliwa na maumbile yasiyo wazi, na matibabu yake hata sheria kali za majimbo zimeyaacha nje. Tunaowazungumzia hapa wamezaliwa na maumbile ya kawaida, lakini tangu utotoni au ujanani wanajiona wa jinsia nyingine, na dhiki ya hali hiyo ndiyo wanayoitibu.

Jambo mama. Mimi ni mama wa Bukavu, tuko Nashville miaka sita. Binti yangu ana miaka 7. Matiti yalianza kumwota akiwa na miaka 6, na daktari alisema balehe imekuja mbele ya wakati, akamwanzishia sindano ya kuizuia. Sasa kanisani wananiambia Mahakama Kubwa ya Washington imekataza sindano zile, bima haitalipa, na mzazi anaweza kufungwa. Nimeacha kumpeleka mara moja tayari. – Mama wa Bukavu, Nashville, Tennessee

Mama, mpeleke mtoto. Piga simu kliniki leo hii, waambie amekosa sindano moja, wakupe nafasi ya karibu. Sheria ile haimhusu binti yako, na wewe huna kosa lolote. Barua yako niliisoma nikiwa kwenye basi, nikashuka kituo kimoja kabla ya changu ili nikujibu kwa barua pepe, na namshukuru Mungu umenijibu kwamba ameshachomwa. Naichapa kwa sababu naamini si wewe peke yako uliyetishwa hivi.

Kilichotokea ni hiki. Mwaka 2023 jimbo lako, Tennessee, lilipitisha sheria ya kuwazuia madaktari kuwapa walio chini ya miaka 18 dawa za kuzuia balehe au homoni kwa lengo la kubadili jinsia. Familia tatu na daktari mmoja wa Memphis wakashtaki. Tarehe 18 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ikaiacha sheria isimame. Kesi haikuwa ya bima. Ilihusu kama jimbo lina haki ya kuwazuia madaktari. Lakini mtoto aliyebalehe kabla ya wakati, au aliyezaliwa na kasoro ya maumbile, sheria yenyewe imemruhusu atibiwe.

Sasa niwaonyeshe wasomaji kitu ambacho mimi hukiona kwenye kompyuta yangu, kwa sababu ndani yake ndimo ulimolala ugomvi wote.

Sindano ya binti yako ina namba yake ya dawa. Daktari akishaichoma, mimi huandika namba hiyo kwenye fomu ya madai, na pembeni yake naandika namba ya ugonjwa. Kwa balehe ya mapema ni E30.1. Bima inalipa. Dawa ya aina hiyo hiyo hupewa wazee wenye saratani ya tezi dume, na hapo namba ni C61. Bima inalipa. Kijana mwingine akija na dhiki ya jinsia, disforia kama madaktari wanavyoiita, namba inaanza na F64. Dawa ile ile, muuguzi yule yule, bomba la sindano kutoka boksi lile lile. Kwenye mipango mingi fomu hiyo inarudi na alama nyekundu kabla sijamaliza chai.

Je, aliyekataliwa amebaguliwa kwa jinsia yake, au ugonjwa wake ndio umeachwa nje? Hilo ndilo swali lililowagawa majaji. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwa niaba ya walio wengi kwamba Tennessee imetenganisha kwa umri na kwa matumizi ya dawa, haikutenganisha mwanamume na mwanamke. Jaji Sonia Sotomayor akapinga, kwamba huwezi hata kujua kama dawa imekatazwa mpaka kwanza uulize mgonjwa kazaliwa wa jinsia gani. Siku 12 baadaye Mahakama ile ikafuta hukumu nyingine iliyohusu bima moja kwa moja. Aprili 2024 mahakama ya rufaa ilikuwa imesema, kwa kura 8 kwa 6, kwamba bima ya wafanyakazi wa serikali ya North Carolina na Medicaid ya West Virginia, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haziwezi kuyaacha nje matibabu haya. Mahakama ya Juu ikairudisha kesi chini isikilizwe upya kwa mwanga wa uamuzi wa Tennessee. Kwa hiyo kanisani hawakuzua kila kitu, mama. Kuna upepo mkubwa kweli, ila wamekuelekeza mlango usio wako.

Utaniuliza mimi naonaje kuhusu watoto. Nitasema ukweli wangu. Kwa watoto nina wasiwasi, na siuonei haya. Finland mwaka 2020, Sweden mwaka 2022, kisha Uingereza baada ya ripoti ya daktari Hilary Cass ya Aprili 2024, wote walipunguza dawa hizi kwa watoto, wakisema ushahidi wa faida yake bado ni dhaifu. Vyama vikubwa vya madaktari wa Marekani, kikiwemo cha madaktari wa watoto, vimeendelea kusema matibabu haya yanafaa na uamuzi uachiwe familia na daktari. Madaktari wazima wanapotofautiana hivyo, karani wa madai hana la kuwafundisha. Nisichokikubali ni wasiwasi juu ya mtoto wa miaka 13 kugeuzwa fimbo ya kumchapia mtu wa miaka 30. Naiona fimbo hiyo kila wiki. Watu wananiambia “si wamekataza?” juu ya mtu mzima anayelipa bima yake mwenyewe.

Dada yangu, shikamoo kwa heshima ya umri wako. Nipo Brooklyn Park, nafanya kazi ya kulea wazee, bima ya familia ipo kwa mwajiri wangu. Mwanangu wa kwanza ana miaka 24, yupo kwenye bima yangu. Alizaliwa binti. Ana miaka minne sasa anaishi kama mwanamume, na kusema kweli tangu hapo nimepata mtoto anayeshuka kula na sisi. Daktari alimwombea upasuaji wa kuondoa matiti. Bima imekataa. Mimi nimesikia redioni kwamba Minnesota ina sheria, lazima walipe. Nimepiga simu mara tano, kila mtu ananiambia lake. Baba yake hataki hata kuisikia habari hii, nabeba peke yangu. Nimekutumia picha ya barua. – Mama, Brooklyn Park

Marahaba mdogo wangu, na pole. Umeandika “mwanangu” barua nzima, na mimi nitasema hivyo hivyo. Lugha yetu imetupa neno linalomkumbatia mtoto bila kumuuliza kitu.

Picha niliikuza nikaisoma mstari kwa mstari. Sehemu muhimu haipo pale walipoandika kwa herufi nene. Ipo ukurasa wa pili, chini, kwa herufi za kusinzia: huduma hii “haimo katika mpango”. Na juu, kwenye kona, karibu na jina la kampuni ya bima, kuna maneno madogo yanayosema kampuni hiyo inausimamia mpango kwa niaba ya mwajiri wako. Mistari hiyo miwili ndiyo jibu la kwa nini kila mtu anakwambia lake.

Redio haikukudanganya. Tangu Januari 2025 sheria ya Minnesota inazitaka bima za afya zilizo chini ya jimbo zilipie matibabu haya yakiwa ya lazima kitabibu. Tatizo ni hayo maneno “zilizo chini ya jimbo”. Waajiri wakubwa wengi hawanunui bima. Wanatenga fungu lao wenyewe, na kampuni ya bima unayoiona kwenye kadi inaajiriwa kama karani wa kulipa. Mipango ya namna hiyo iko chini ya sheria ya shirikisho ya 1974, na sheria za bima za jimbo haziifikii. Kwa hiyo jirani yako, mwenye kadi yenye nembo ile ile kabisa, mtoto wake anaweza kulipiwa na wako asilipiwe. Nimewaona watu wakigombana na kampuni ya bima mwaka mzima kumbe aliyesema hapana ni mwajiri, tena miaka mingi iliyopita, pengine kwa kunakili tu mpango wa zamani.

Halafu kuna hapana za aina mbili, naomba ulishike hili vizuri. Hapana ya kwanza inasema “si lazima kitabibu”. Hiyo unapigana nayo kwa daktari: barua, historia, vipimo. Ikishindikana ndani, una miezi 4 ya kuomba mtu wa nje wasiyemwajiri aipitie. Hapana ya pili inasema “haimo”. Hapo hata ulete maprofesa kumi, watakubali kwamba mwanao anahitaji na bado hawatalipa, na mpitiaji wa nje kwa kawaida hana mamlaka nayo kwenye mpango wa mwajiri, kwa sababu haihusu maamuzi ya kitabibu.

Hili nimelijua kwa maumivu. Mwaka 2011 mume wangu alikataliwa kifaa alichohitaji baada ya ajali. Wakati huo sikuwa na kazi hii. Nikaandika rufaa ya kurasa tatu, nikaeleza anavyolala amekaa kwenye kiti, anavyoshindwa kumbeba mtoto wetu. Kila neno lilikuwa kweli. Wakarudisha barua ya mistari minne: haimo. Nilikuwa nimewathibitishia jambo ambalo wao hawakulikana. Nililia jikoni, kisha nikaanza kusoma kijitabu cha bima kutoka ukurasa wa kwanza, na kusoma kule ndiko kulikonifikisha kwenye meza niliyokaa leo.

Kwako wewe hapana ni ya pili. Basi fanya hivi.

Andika barua, usipige simu, uombe hati kamili ya mpango, si ule muhtasari wa kurasa nane. Sheria ya 1974 inampa mhusika siku 30 kukuletea. Ikifika, tafuta mstari uliokutoa nje na uusome kwa makini. Wakati mwingine umeandikwa “upasuaji wa kubadili jinsia” tu, na homoni, ushauri nasaha na vipimo vya damu vimo, watu hawajui kwa kuwa wamekata tamaa kwenye upasuaji. Wakati mwingine mstari ulishafutwa kwenye hati mpya na kompyuta ya karani haijabadilishwa. Hilo nimelikuta mara mbili katika kazi yangu.

Wakati unasubiri, peleka rufaa ya ndani. Una siku 180 tangu mpokee barua ya kukataliwa, na barua yako naona ni ya wiki ya tatu sasa. Utasema nimekwambia rufaa haisaidii kwenye “haimo”. Ipeleke hata hivyo, maana usipomaliza ngazi za ndani, mlango wa mahakama unaweza kufungwa baadaye. Kwa huduma ambayo haijafanyika wana siku 30 za kukujibu rufaa, au siku 15 kwa kila ngazi ikiwa mpango una ngazi mbili. Ambatanisha barua ya mtaalamu. Mwongozo wa kimataifa wa matibabu haya, toleo la nane la 2022, umeridhika na barua moja kwa mtu mzima, ingawa mipango mingine bado inadai mbili kama zamani.

Kisha nenda kwa mwajiri. Najua moyo unaruka. Lakini mpango ni wake, na kalamu iliyoandika mstari ule inaweza kuufuta bila kuuliza jimbo wala Washington. Huhitaji kueleza maisha ya mwanao. Sema: “Mpango wetu una kipengele kinachoacha nje matibabu ambayo bima za jimbo hili zinayalipia. Naomba kujua kama mtakipitia kabla ya mwaka mpya wa bima.” Ukiweza, nenda na mwenzako. Na kabla ya kwenda, ongea na wakili wa msaada wa kisheria wa bure, kwa sababu kuna hoja ya ubaguzi kazini iliyotokana na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2020 na ina muda wake wa kufungua malalamiko. Ile hukumu ya Georgia niliyomweleza kaka wa Houston imeibana hoja hiyo huko Georgia, Florida na Alabama. Minnesota si eneo la mahakama ile.

Mwanao mwenyewe ana njia nyingine ambayo huenda ni fupi kuliko zote. Sheria inamruhusu kukaa kwenye bima yako mpaka miaka 26, haimlazimishi. Anaweza kununua yake kwenye soko la jimbo, MNsure, na hiyo iko chini ya sheria ya Minnesota. Kipato chake kikiwa kidogo, anaweza kustahili Medical Assistance, yaani Medicaid ya jimbo letu, ambayo hapa inalipia upasuaji huu baada ya mahakama ya jimbo kuliondoa katazo mwaka 2016. Ila kuna jambo jipya. Kuanzia mwaka wa bima wa 2026 serikali ya shirikisho imeyatoa matibabu haya kwenye orodha ya huduma za msingi za bima za sokoni. Kampuni bado inaweza kulipia na jimbo bado linaweza kuilazimisha, lakini kampuni inaweza isizihesabu fedha unazojilipia kwenye kile kikomo cha mwaka, ambacho ukikifikia bima hulipa iliyobaki. Muulize muuzaji swali hilo kabla ya kusaini: “Nikifika kikomo, upasuaji huu umo ndani ya hesabu au nje?” Dirisha la kujiandikisha hufunguliwa tarehe 1 Novemba. Ruzuku yake itategemea kama bado unamwandika kwenye kodi yako, kwa hiyo kaeni wote wawili na msaidizi wa MNsure. Huduma hiyo ni bure.

Kuhusu baba yake, sina fomu ya kukupa. Umeandika kwamba mtoto sasa anashuka kula na nyinyi. Miaka minne baba naye amekaa meza hiyo hiyo, anamwona akila. Mimi ningeanzia hapo, si kwenye bima.

Nitumie hati ya mpango ikifika. Funika namba ya kadi na tarehe za kuzaliwa kabla hujapiga picha. Safari hii hukufunika.

Shikamoo mama. Nina miaka 31, nipo Seattle. Nilibadilisha karatasi zangu miaka mitatu iliyopita, kadi ya bima inasema mwanamume. Sijafanyiwa upasuaji wa chini. Daktari alinipima saratani ya mlango wa kizazi, ikaja bili ya dola 214, eti huduma haiendani na jinsia. Naona aibu kupiga simu kueleza. Nimefikiria nilipe tu. – Kijana, Seattle

Marahaba mwanangu. Usilipe, na umefanya vema kupima. Walio kwenye hali yako wengi wanaacha, na saratani haisomi kadi.

Hili si suala la mahakama. Kompyuta imeona “mwanamume” na kipimo cha kizazi, ikatupa nje. Kipimo hicho ni cha kinga, na chini ya sheria ya 2010 hakitozwi. Mei 2015 serikali ilitoa maelekezo kwamba bima haiwezi kumnyima mtu kipimo cha kinga kwa sababu ya jinsia iliyoandikwa kwenye kumbukumbu, ikiwa daktari ameona mwili wake unakihitaji. Kliniki inatakiwa kurudisha madai yakiwa na alama ya herufi mbili, KX, ambayo Medicare, bima ya serikali ya wazee, iliiweka kwa hali kama hizi na kampuni nyingi binafsi huitambua. Kwa madai ya hospitali ipo namba 45 inayofanya kazi hiyo.

Piga ofisi ya bili ya kliniki, usipige kampuni ya bima. Huna haja ya kueleza maisha yako. Sema hivi tu: “Madai yangu yamekataliwa kwa kutolingana kwa jinsia. Naomba yarudishwe na alama ya KX.” Aliyepokea simu ni karani kama mimi, ataandika herufi mbili na kubonyeza. Akisema haijui, omba msimamizi wake. Piga Jumanne au Jumatano asubuhi. Jumatatu simu zetu hufurika, na hakuna anayemsikiliza mtu vizuri.